Barua Iliyo Kwenye Stempu

Pale posta kuu walimwita Darubini, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa amekaa dirisha la nne, dirisha la stempu, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyefanikiwa kumpitishia stempu iliyokwisha kutumika. Watu walijaribu. Waliziloweka, wakausugua wino kwa kifutio, wakazianika, wakazibandika upya kwa ute wa yai. Yeye aliinyanyua bahasha kwenye mwanga, akaigeuza mara moja, akairudisha. "Hii imeshaoga," alisema, na mteja akaondoka bila kuaga. Wenzake walisema mama huyu ukimpa chai huitazama kwanza kama haijawahi kunywewa na mtu mwingine.

Jumatatu moja postamasta aliteremka ngazi akiwa na mafundi wawili na bango refu kama mlango. Wakalitundika ukutani, mkabala na dirisha la nne. Lilikuwa picha ya stempu mpya iliyokuzwa mpaka kila mstari ukaonekana. Chini yaliandikwa maneno: *Miaka Themanini ya Barua Mlangoni*. Juu ya maneno hayo alisimama mpeleka barua wa zamani kwenye kona ya barabara, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali, kofia imekaa upande, mkoba begani, na mkononi ameshika barua.

Darubini alimtambua kabla bango halijanyooka. Alikuwa baba yake.

"Ni Kengele mwenyewe!" alisema postamasta, akasugua viganja kwa furaha. Hilo ndilo jina ambalo mji mzima ulimjua nalo mzee, kwa sababu kila mlango aliofika alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, wala si mara tatu. "Mchoraji alipewa picha kumi na tano kutoka stoo. Akachagua hii. Anasema uso wa mzee una ukweli."

Asubuhi ile Darubini alifanya kazi akiwa ameinua kidevu. Wateja walimpongeza kama aliyejifungua. Lakini mchana foleni ilipopungua, macho yake yalirudia mazoea yao. Akaanza kulikagua bango kama anavyokagua stempu yoyote, kutoka pembe mpaka pembe, mpaka akafika kwenye ile barua. Mchoraji alikuwa mtu mwaminifu aliyechora hata asichokielewa. Jina la mwandikiwa lilikuwa vijimistari tu, lakini chini yake tarakimu mbili zilisomeka waziwazi. Kumi na saba.

Nyumba namba kumi na saba ndiyo nyumba yao. Ndimo alimozaliwa, na ndimo alimorudi kuishi na baba yake baada ya mama kufariki, miaka sita iliyopita.

"Barua yetu!" alijisemea. "Sijui ilikuwa ya nani."

Hakuwa na shaka yoyote wakati huo. Alikwenda stoo kama mtu anayekwenda kutazama albamu ya harusi.

Mtunza stoo, mzee mmoja aliyevaa sweta hata wakati wa joto, alimtolea picha yenyewe kutoka kwenye bahasha kubwa ya kaki. Nyuma yake palikuwa na tarehe ya miaka thelathini na minane iliyopita. Darubini akatoa lenzi yake mfukoni, akaiweka juu ya barua.

Majina matatu yalijitokeza, moja baada ya jingine. Yalikuwa majina ya mama yake mdogo. Na pembeni, juu ya bahasha, palikuwa na stempu ya nchi ya mbali, ile ile nchi ambayo kila mtu katika ukoo wao aliitaja kwa kusonya.

"Umeona nini?" mtunza stoo aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Vumbi lako hili," alisema Darubini. "Naomba niazime picha mpaka kesho."

Mama mdogo alikuwa kitinda mimba kwa kina mama. Enzi hizo aliishi nao pale namba kumi na saba, msichana wa miaka ishirini na mitatu, ndiyo kwanza ameajiriwa kupiga chapa mahakamani. Alikuwa amechumbiwa na fundi saa, kijana mtanashati mwenye vidole vyembamba, na watu walikuwa wameshakula, wakanywa, wakapiga vigelegele. Kisha fundi saa akapata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha saa. Akaaga akisema: nikifika nitaandika, nikitulia nitamwita.

Hakuandika. Ndivyo ukoo ulivyosimulia. Wengine walisema amekunywa maji ya huko akasahau ya kwao, wengine walisema ameoa huko huko. Mama yake fundi saa akipita sokoni, watu walimtupia maneno: "Mwanao anatengeneza saa zote za dunia, saa ya kuandika barua ndiyo kaikosa!" Yule mama akaacha kwenda sokoni. Na mama mdogo hakuolewa tena. Alihurumiwa mpaka nywele zikaota mvi.

Sasa hii hapa barua. Imefika, na tarehe ya picha ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu fundi saa aondoke. Imeshikwa na nani? Imeshikwa na mtu mwenye uso wa ukweli.

Kesho yake, saa ya chakula, Darubini alirudi stoo. Aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa. "Hivi zamani barua isiyopokelewa ilikuwa inakwendaje?"

"Inaandikwa kitabuni, inarudi kwa aliyetuma," alisema mtunza stoo. "Vitabu vyote viko pale juu. Panya wamekula miaka ya mwisho tu. Ya mwanzo inaonekana ni migumu."

Mwaka alioutaka panya walikuwa hawajaufikia. Aliupitia ukurasa kwa ukurasa, amesimama, mkate wake haujaguswa. Alilikuta jina la mama mdogo mara ya kwanza mwezi wa pili. Akalikuta tena mwezi wa tatu. Alipomaliza alikuwa amelikuta mara saba, na kila mara maneno yalikuwa yale yale: *Amekataa kupokea. Irudishwe.* Kila mara beji namba arobaini na moja. Kila mara sahihi ya baba yake, ile yenye mkia mrefu kama wa panya. Kulikuwa na safu ya sahihi ya mwandikiwa, mahali ambapo anayekataa barua alipaswa kuandika jina lake. Mara zote saba safu hiyo ilikuwa tupu.

Mwenye macho haambiwi tazama. Darubini alikifunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Na akili ikishaanza kushuku haikosi kuni za kuchochea moto. Alikumbuka maneno ya marehemu mama yake, wiki chache kabla hajafa, akiwa amelalia ubavu, anaongea na ukuta: "Baba yako na mdogo wangu wana neno baina yao. Nimelitafuta miaka yote sikulipata. Labda wewe mwenye macho utalipata." Wakati ule alidhani ni dawa zinazungumza. Alikumbuka pia kitu alichokiona akiwa na miaka saba, akichungulia kwenye tundu la geti. Baba amesimama na baiskeli kwenye kona. Mama mdogo amemsogelea, wananong'ona, kichwa kwa kichwa. Mama mdogo anatikisa kichwa. Baba anaingiza kitu mkobani, haraka, na kutazama upande wa nyumbani.

Halafu mama mdogo alihama. Mama na mdogo wake walikosana kwa ajili ya kifuniko cha sufuria, eti kimepondwa. Miaka thelathini na kitu, dada wawili, kifuniko cha sufuria! Watoto waliamini. Sasa Darubini alijiuliza ni kifuniko gani hicho kizito kiasi hicho.

Jibu lilimjia akiwa njiani kurudi nyumbani, na lilimfanya asimame katikati ya watu. Baba alizirudisha barua kwa siri kwa sababu hakutaka shemeji yake aondoke. Alimtaka yeye.

Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anapaka grisi mnyororo wa baiskeli. Miaka sabini na sita, na bado hakukubali mtu mwingine aiguse.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Baba, fundi saa aliwahi kumwandikia mama mdogo?"

Mkono wa mzee ukatulia juu ya mnyororo. "Nani kauliza?"

"Nauliza mimi."

"Basi kamuulize mama yako mdogo."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unaleta barua mtaa huu."

"Ndiyo maana siwezi kukujibu." Akachovya kitambaa kwenye kopo la grisi. "Mpeleka barua huona mengi, binti yangu. Anajua nani kafukuzwa kazi, nani ana mtoto wa nje, nani anadaiwa. Yote yanabaki mkobani. Barua ni ya aliyeandikiwa. Tuliapa."

"Hata kwa mkeo usiseme?"

Mzee akamwinulia uso. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na usingeweza kujua linatazama nini. "Hasa kwa mkeo," alisema, akarudi kwenye mnyororo wake.

Kwa Darubini, hilo lilikuwa ungamo.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na askari. Mzee akitoka kuoga, mifuko ya koti lake imeshapekuliwa. Akipokea simu, redio inapunguzwa sauti. Kulikuwa na safari yake ya kila Alhamisi jioni ambayo Darubini hakuwahi kuifikiria, na sasa hakuweza kufikiria kitu kingine. Alhamisi ile aliomba ruhusa kazini, akamfuata, hatua thelathini nyuma, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Mzee akapita soko, akapita shule, akaingia kwa kinyozi. Darubini akasubiri upande wa pili, nyuma ya gari bovu. Baada ya saa nzima na nusu baba yake akatoka na upara ule ule aliokwenda nao.

"Mtu mwenye upara anakwenda kufanya nini kwa kinyozi?" alijiuliza, na akaenda kuchungulia. Ndani wazee wanne walikuwa wanakusanya kete za drafti.

Mtu mwingine angecheka, akarudi nyumbani akapika. Darubini aliona kwamba drafti ni kisingizio kizuri sana.

Wiki hiyo hiyo postamasta alimwita ofisini. Alikuwa na bahasha nyeupe, nzito, yenye nembo ya posta, na jina la mzee limeandikwa kwa kalamu ya wino. "Mpelekee baba," alisema. "Ni mwaliko wa uzinduzi, Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye ndiye atakayekata utepe. Nilitaka kumtuma mtu wa zamu, lakini si unakaa naye?"

"Ndiyo, nakaa naye."

"Mwambie tutamfuata kwa gari."

Darubini alirudi dirishani na bahasha mkononi. Aliitazama mbele na nyuma. Akamwona baba yake amesimama mbele ya watu, kamera zinawaka, anapigiwa makofi kwa barua ile. Kwa barua *ile*! Akavuta droo ya chini, ile ya fomu zisizotumika tena, akaitia bahasha humo, akageuza ufunguo.

Siku mbili kabla ya sherehe alipanda kwa postamasta. "Mzee anashukuru sana," alisema, "ila magoti yanamsumbua. Hataweza." Hakuwahi kumdanganya bosi wake kabla ya siku hiyo, na alishangaa uongo ulivyotoka laini.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa posta ulipambwa maputo, spika zikaungurumishwa, mwanakwaya mmoja akaanguka kwa joto. Mstari wa mbele paliachwa kiti kimoja chenye karatasi yenye jina la mzee, kwa heshima. Postamasta alihutubia juu ya watu waliopeleka barua kwa jua na mvua, wala hawakupoteza hata moja. Darubini alikaa kiti cha pili kutoka kile kitupu. Alikuwa ametegemea kwamba angejisikia mtu aliyetenda haki. Badala yake alijisikia kama aliyemeza kokwa.

Jumatatu, saa nne na nusu, alikuwa anagonga mihuri bila kutazama watu, aliposikia sauti anayoijua. "Nipe hiyo mpya, yenye shemeji yangu."

Mama mdogo alikuwa amesimama dirishani, miwani imening'inia kifuani, mkoba kwapani, mgongo umenyooka kama bado anaitwa kuandika maneno ya hakimu. Walikuwa wakionana kwenye misiba na harusi tu.

"Nimemwona gazetini," alisema. "Lakini kwenye picha za sherehe hayupo. Mbona? Anaumwa?"

Darubini akageuza kibao cha *Dirisha Limefungwa*. Akamzungusha mlango wa pembeni, akampeleka kwenye chumba cha chai, ambacho saa ile kilikuwa kitupu. Hakumkaribisha hata maji. Akatoa picha kwenye mkoba wake, akaiweka mezani, akaweka lenzi juu yake.

"Mama mdogo, soma jina hilo."

Mama mdogo akainama. Alisoma muda mrefu kuliko majina matatu yanavyohitaji. Alipoinua uso, hakuwa na mshangao hata chembe, na hilo ndilo lililomshtua Darubini.

"Hii ni ya saba," alisema. "Baada ya hii hakuandika tena."

"Ulijua?"

"Nitakosaje kujua? Mimi ndiye niliyezikataa."

Darubini akavuta kiti, akakaa.

"Ya kwanza kabisa, kabla ya hizo saba, niliifungua," mama mdogo aliendelea, sauti yake ya chini. "Ilikuja miezi mitano baada ya yeye kuondoka. Alikuwa amepanga kila kitu. Siku ya kusafiri, nguo ya kuvaa nikishuka, hata mtaa tutakaoishi. Kazi yangu niiache, kwa sababu huko mke wake hatafanya kazi. Nikaisoma mara tatu, nikajua simtaki. Sikuwa nimemtaka hata kabla, ila sikuwa nimejua. Sasa nimwambie nani? Baba yangu alikuwa hai, mkali, ahadi imeshatoka. Ningesema simtaki, wangenifunga kamba wanipeleke. Lakini yeye akinyamaza, nani atanilaumu? Aliyeachwa huhurumiwa, mwanangu. Aliyeacha huulizwa maswali mpaka kaburini."

"Kwa hiyo baba..."

"Nilimvizia pale kwenye kona, nikamwambia: Shemeji, zikija nyingine zirudishe, na usimwambie mtu. Akasema ni haki yako, mwandikiwa anaweza kukataa, lakini utie sahihi kitabuni. Nikamwambia mkono wangu hauingii kwenye kitabu chochote, mimi nafanya kazi mahakamani, najua vitabu vinavyozungumza. Nikamlilia. Basi akaandika peke yake. Kila barua alisimama pale kwenye kona akaniuliza upya: Unaipokea? Mara saba. Labda alitumaini nitabadili mawazo." Akaigusa picha kwa ncha ya kidole. "Niliyemkosea ni fundi saa, na mama yake. Yule mama alikufa watu hawamsalimii vizuri. Hilo ndilo linaloniamsha. Shemeji yangu hakumkosea mtu."

Darubini hakuweza kunyamaza tena. Akamweleza yote, mpaka maneno ya marehemu mama yake kitandani.

"Alidhani nini?" mama mdogo aliuliza. "Mimi na shemeji?" Akacheka, cheko fupi la mtu aliyekanyaga kitu gizani. Kisha cheko likamgeukia njiani. "Kumbe! Kumbe kile kifuniko. Na mimi nilidhani ananichukia kwa kumjazia nyumba, mwanamke mzima asiyeolewa. Miaka yote hiyo! Angeniuliza tu. Mbona hakuniuliza?"

Akavua miwani, akajifuta. Darubini alibaki akitazama meza. Alikuwa amefikia mahali pa kusema lile lake, na lilikuwa zito kuliko yote.

"Mama mdogo, siku ya sherehe baba hakuumwa. Hakualikwa. Yaani, alialikwa, mwaliko ninao mimi. Uko kwenye droo."

Mama mdogo akamtazama kana kwamba hajasikia vizuri. "Umeizuia barua ya baba yako? Wewe, mtu wa posta?"

Walikwenda pamoja nyumbani mchana ule ule. Mzee alikuwa barazani. Alipomwona shemeji yake akiingia getini, jambo ambalo halijatokea kwa miaka mingi isipokuwa siku ya mazishi, alisimama, na redio ikaanguka kutoka mapajani. Darubini hakusubiri salamu ziishe. Akapiga goti, akampa bahasha kwa mikono miwili.

Mzee akaifungua kwa kisu, kama zamani. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu, kwenye tarehe.

"Ya tarehe tatu," alisema. "Leo kumi na tisa."

"Ndiyo, baba."

"Kutoka posta mpaka hapa ni dakika ishirini na tano kwa miguu."

"Nisamehe, baba. Nilidhani wewe..."

"Najua ulichodhani. Nilimwona mama yako akikidhani." Akaikunja karatasi kwa mikunjo ile ile iliyokuja nayo. "Sherehe si kitu. Wangenipigia makofi, ningerudi nikalala. Lakini miaka thelathini na moja sikuzuia barua ya mtu. Hata kadi. Hata ya adui yangu, na nilikuwa nao wawili mtaa huu huu. Damu yangu mwenyewe ndiyo imezuia."

Mama mdogo ndiye aliyesema. "Shemeji, lakini mbona hukumwambia dada? Uliona anateseka."

"Uliniambia nisimwambie mtu."

"Dada alikuwa mtu?"

Mzee alikaa. Alichukua muda kuiokota redio, akaitikisa, akaisikiliza kama bado ina uhai. "Mwanzoni nilinyamaza kwa kiapo," alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Lakini aliponiuliza, nikamwambia ni mambo ya kazi, na nikamwona haamini, hapo nikanyamaza kwa hasira. Nilitaka aniamini bila kuelezwa. Ningeweza kuja kwako nikakuomba uniachilie. Sikuja. Kila mwaka nilisema atakuja kuamini mwenyewe. Akafa." Akaiweka redio chini. "Kwa hiyo msinifanye malaika wa kwenye bango. Na ile safu nilikuacha usiweke sahihi, lile lilikuwa kosa la kazi. Mpaka leo najua."

Hawakukumbatiana. Mama mdogo alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaangalia geti, na baadaye kidogo akaomba maji. Mzee mwenyewe aliinuka kumletea.

Kesho yake Darubini alipanda kwa postamasta akasema ukweli. Akapewa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili lake, ya kwanza na pekee. Hakuipinga. Adhabu ya nyumbani ilikuwa ndefu zaidi. Baba yake alimjibu salamu, alimwomba chumvi, alimwambia mvua inakuja anua nguo. Zaidi ya hayo hakusema naye neno, wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Akitoka Alhamisi alisimama mlangoni na kutangaza kwa sauti, pasipo kumtazama yeyote: "Nakwenda kucheza drafti." Kumbe alijua kwamba alifuatwa, na hilo liliuma kuliko kofi.

Mama mdogo alikuwa anapita siku hizi, mara moja, mara mbili kwa wiki. Alikuwa ameandika barua, ya kupiga chapa, kurasa mbili, kwa dada yake fundi saa ambaye bado aliishi upande wa pili wa soko, akieleza yote. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa sentensi moja tu, kwamba amesoma na kwamba kaka yake ana wajukuu wanne huko aliko. Mama mdogo aliisoma sentensi hiyo barazani, akaitia mkobani, akasema ni zaidi ya alichostahili.

Wiki ya nne, siku ya Ijumaa, foleni ya dirisha la nne ilikuwa na watu wanane. Darubini alipoinua macho akamwona baba yake yu wa saba, amevaa shati la kola, kofia mkononi. Akainuka kumwita mbele. Mzee akatikisa kichwa. Akangoja zamu yake, akisogea hatua moja moja, mpaka akafika kwenye kioo.

"Nipe shiti moja ya hizo, karatasi nzima," alisema, akionyesha kwa kidevu.

Darubini akachana shiti taratibu, akaipitisha chini ya kioo. Mzee akaisogeza karibu na jicho lake zima, akaikagua stempu kwa stempu.

"Mchoraji huyu hajui baiskeli," alisema. "Mnyororo kauweka upande wa kushoto. Nimepanda miaka thelathini na moja, mnyororo uko kulia."

"Sikuuona, baba."

"Hukuuona." Akaikunja shiti mara moja, akaitia mfuko wa shati. Mtu wa nane akakohoa kwa kukosa subira, na mzee hakumjali. "Leo usichelewe kutoka. Mama yako mdogo anakuja kula, na mimi wali nikipika peke yangu unaungua."

"Sitachelewa," alisema Darubini.

Mzee akavaa kofia, akageuka, akapita chini ya bango bila kulitazama, akatoka nje kwenye jua.